Lango la Zizi Chini ya Chuo

Chuo kilianzia kwenye ghala la pamba. Wanaokuja siku hizi na mabasi yao kupiga picha pale getini hawajui hilo, na mimi sijawahi kuwaambia. Wanaona maktaba ya ghorofa, wanaona kanisa lenye vioo vya rangi, wanadhani vilikuwepo tangu zamani. Mimi nililifagia lile ghala. Kina mama wa jumuiya yetu tulitoa mavi ya popo kwa majembe, tukamwaga maji, tukafagia tena, na harufu haikuisha. Mafrateri wa kwanza, vijana waliokuja kusomea upadri, walilala ndani ya harufu hiyo hiyo.

Ghala lilikuwa upande wa juu wa barabara itokayo Bunda kwenda Musoma, kabla hujafika njia panda ya Butiama. Pamba ilikuwa imeshakufa, ghala limebaki tupu. Eneo lililolizunguka lilikuwa malisho ya ukoo wa mume wangu. Mji wetu uko chini yake. Ukisimama kwenye zizi letu unaliona paa.

Padri aliyekuja kuomba ardhi alikuwa mzungu mzee, mrefu, amekuja na pikipiki. Wazee walimkalisha kwenye kigoda akawaeleza kwamba hapa watasoma vijana wanaotaka kuwa mapadri, watasoma mambo ya Mungu kwa miaka mingi, ndiyo hiyo wanaita teolojia. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliuliza kama hao vijana watakuja na wake zao.

"Hawaoi," padri akasema.

"Hawaoi mpaka wamalize?"

"Hawaoi kabisa."

"Wote hao? Wana ugonjwa gani?"

Watu walicheka, na padri alicheka. Mume wangu akasema waachwe wajenge, pale ni mawe tu, hata ng'ombe wenyewe wanapakataa. Ardhi ikatoka hivyo. Hapakuwa na ugomvi.

Walitaka mpishi, wakanichukua mimi kwa sababu nilikuwa napika kwenye misiba na chungu changu hakijawahi kuungua. Shule sikufika mbali. Kuandika nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, ndiyo maana naandika kama ninavyosema. Nilipikia nje, chini ya bati moja, kwa kuni. Dagaa tulikuwa tunaletewa kutoka Mwigobero ziwani kwenye magunia, wakati mwingine mchanga mwingi kuliko dagaa. Ugali ulikuwa wa udaga, ule muhogo unaovundikwa kwanza ndipo ukauke. Mafrateri waliotoka mikoa mingine hawakuujua. Mmoja alisogeza sahani.

"Mama, mbona huu ugali mweusi, halafu unanuka?"

"Unanuka chakula. Kaa ule."

Alikula. Baadaye akawa ndiye anayekuja kukwangua ukoko.

Walifyatua matofali wenyewe, mafrateri na walimu wao. Asubuhi darasani, mchana kwenye udongo. Kina mama tuliwabebea maji. Ukaja ukuta, likaja bweni, halafu kanisa dogo, halafu umeme. Mabweni yakaongezeka. Wakaja walimu weusi wenye vyeti vikubwa kutoka ng'ambo. Mzungu mzee alirudi kwao akafia huko, tukaombwa tumwombee. Baadaye tukaambiwa chuo sasa kinatoa digrii, wakaanza kuja masista na walei wasio watawa, wasichana wenye vifaranga vya kompyuta mikononi. Jiko likahamia ndani, likawa la gesi, na siku moja Gombera, yule padri mkuu wa chuo, akaniita ofisini akanipa kitenge na cheti, akasema nimefanya kazi kubwa. Nilijua maana yake. Niliwaachia mwiko.

Sasa niseme habari ya mji wangu, maana ndiyo niliyokaa kuiandika.

Nilizaa mabinti, nikazaa mtoto mmoja wa kiume. Mabinti niliwaoza, wako kwao. Mwanangu wa kiume alikwenda Buhemba kutafuta dhahabu, shimo likamwangukia. Walipokuja kuniambia nilikuwa napika maharage ya chuo. Niliendelea mpaka yakaiva, nikapakua, ndipo nikafungua aproni nikaenda. Watu walisema nimekuwa jiwe. Mimi nakumbuka tu kwamba wale vijana walikuwa na njaa na saa imefika.

Mkwe wangu alikuwa msichana bado. Alikaa kidogo, akaolewa Bukima, akaniachia mtoto wa kiume anayeanza kutembea. Mume wangu naye hakukaa sana baada ya hapo. Nikabaki na mjukuu. Nilikuwa naenda naye kazini, akilala nyuma ya jiko kwenye magunia ya mahindi. Alijifunza kusema Baba Yetu kutoka kwa mafrateri kabla hajajua majina ya ng'ombe wetu. Alitumikia misa. Alipokuwa sekondari alinikuta nachambua dagaa akasema anataka upadri.

Nilimwambia sawa. Ningesema nini? Alikulia mle.

Lakini kwetu mji una lango. Zizi la ng'ombe linafungwa jioni kwa magogo ya kulaza, yanayopitishwa kwenye matundu ya nguzo mbili. Unaanza la chini, unapanda, la juu unalikaza kwa kamba. Anayefunga ni mwanaume wa mji ule. Mwanamke anakamua, anazoa mavi, anafukuza ndama, lakini lango haligusi. Mji usiokuwa na mwanaume wa kufunga lango wanasema umekwisha, hata kama kuna watu ndani wanakula na kulala. Mume wangu alipokufa, shemeji yangu alianza kuvuka kijito kila jioni kuja kunifungia. Alifanya hivyo miaka yote mjukuu akiwa masomoni, kwanza huko mbali alikosoma falsafa, halafu hapa chuoni kwetu alipoletwa kwa teolojia. Kutoka dirisha la bweni lake alikuwa analiona zizi. Hakuruhusiwa kushuka hovyo.

Shemeji akazeeka. Mguu ukaanza kumsumbua. Siku moja alifika jua limeshazama, ng'ombe wamejazana langoni, akakaa kwenye jiwe anahema.

"Mke wetu," akaniambia, ndivyo anavyoniita, "huu mji unakufa na wewe umekaa unapepeta mtama."

"Nisipopepeta tutakula nini?"

"Oa."

Alikuwa hatanii. Kwetu mwanamke mwenye ng'ombe asiyekuwa na mtoto wa kiume anaweza kuoa. Tunaita nyumba ntobhu. Anatoa mahari, anamleta msichana nyumbani, msichana anazaa na mwanaume wanayekubaliana, na watoto ni wa ule mji, wanalibeba jina la mume wa yule mwanamke. Mama yake mume wangu aliwahi kufanya hivyo, ndiko walikotoka mume wangu na mdogo wake. Si jambo la ajabu wala la siri.

"Mimi napokea Ekaristi," nikamwambia.

"Nimekukataza? Pokea, halafu uje nyumbani uoe."

"Haiendi hivyo. Nikioa nimejitoa mezani."

"Basi mrudishe kijana aoe yeye. Nimekupa njia mbili, sina nyingine." Akainuka, akafunga lango, akatia kamba, akaondoka anachechemea. Akiwa nje akapaza sauti, "Binti nimeshampata! Anajua kulima, na hana maneno!"

Njia mbili zenyewe nilizijua kabla yake. Nikioa, zizi litakuwa na mtu, na mjukuu wangu akija kuwa padri atagawa komunyo nami nimekaa kwenye benchi. Nikimrudisha, nimemkatisha. Nisipofanya lolote, mji umekwisha. Nilikuwa nalifikiria jambo hili nikiwa nakamua, na mikono ilikuwa inaendelea kukamua.

Karibu na wakati huo walishuka mafrateri watatu kutoka chuoni. Siku hizi kuna mwalimu anayewafundisha mila za watu wa Mara, anawatuma vijijini wakaulize. Niliwapa uji. Mmoja mweupe, ametoka pwani, ndiye aliyekuwa na kalamu.

"Bibi, tuna asaimenti. Tumeambiwa huku kuna wanawake wanaooa wanawake."

"Wapo."

"Bado wapo? Hata sasa hivi?"

"Sasa hivi umekaa kwenye kigoda cha mmoja aliyeoa. Mama mkwe wangu."

Akakitazama kile kigoda. Wenzake wakaanza kucheka kwa pua.

"Na Bibi, unamfahamu mtu yeyote Mkristo anayefikiria kufanya hivyo? Mwalimu anasema tukipata mfano hai itakuwa nzuri."

"Namfahamu."

"Tunaweza kuongea naye?"

"Mnaongea naye."

Kalamu ilisimama. Aliyekuwa anacheka akameza uji vibaya akaanza kukohoa. Yule wa pwani akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Bibi, utafanya?"

"Kunyweni uji unapoa."

Walipoondoka waliosha vikombe wenyewe, jambo ambalo mafrateri wa sasa hawalifanyi.

Kijana akiwa anakaribia kupewa ushemasi, ngazi ya mwisho kabla ya upadri, pale ndipo anapoahidi mbele ya askofu kwamba hataoa. Kabla ya hapo anatangazwa kanisani kwao, Jumapili, kama wanavyotangazwa wachumba: huyu anaomba daraja, mwenye kujua kizuizi na aseme. Zamu ya mjukuu wangu ilipokaribia, shemeji alisikia habari hiyo. Si Mkristo, ana mambo yake, lakini alielewa haraka kuliko Wakristo wengi.

"Kwa hiyo wanauliza watu wote?"

"Wanauliza."

"Basi simama useme. Sema huyu ni mmoja, hakuna mwingine. Hicho si kizuizi?"

"Kwao si kizuizi."

"Wewe simama tu. Kijana mwenyewe ataona aibu, atarudi."

Na ni kweli. Nilijua kijana angerudi. Jumamosi kabla ya tangazo alipewa ruhusa akashuka kuniona. Alikaa mlangoni, amevaa suruali nyeusi iliyopigwa pasi, anakwangua tope la kiatu kwa kijiti. Alikuwa ameambiwa yote, labda na babu yake huyo, shemeji yangu, labda na wale wa asaimenti.

"Bibi, ukisema nirudi, narudi."

"Unataka kurudi?"

Alikwangua kiatu.

"Nimekuuliza."

"Sitaki, Bibi. Lakini ukisema..."

"Basi usinipe mimi nikusemee. Umekula?"

Akala. Hatukuongea tena habari hiyo. Alipandisha mlima kurudi, nami nilimtazama mpaka kwenye mikonge ya njiani, halafu nikaingia ndani kwa sababu maziwa yalikuwa yanachemka.

Jumapili shemeji alikuja kanisani. Sikuwahi kumwona kanisani maisha yangu yote. Alikaa benchi la nyuma na kofia yake kichwani mpaka mama mmoja akamnong'oneza aivue. Katekista akasoma lile tangazo, akataja jina la mjukuu wangu na la baba yake aliyefia Buhemba na la mume wangu, akasema mwenye kujua kizuizi aseme. Jirani yangu wa benchi alikuwa ananiangalia kwa pembeni. Nilisikia fimbo ya shemeji ikigonga sakafu kule nyuma, taratibu, kama mtu anayemwamsha mwingine.

Nilikaa. Watu wamekuja kuniambia baadaye kwamba nilikuwa na imani kubwa siku ile. Sijui. Nilikuwa naangalia mgongo wa mtoto wa mbele yangu, kifungo cha gauni kimekatika, wamekishikiza kwa pini. Katekista akafunga karatasi yake. Tukaimba.

Baada ya misa shemeji alinipita bila salamu. Jioni alikuja kufunga lango kama kawaida.

Upadri walimpa Musoma mwaka uliofuata. Walikuwa wengi, kila mmoja na watu wake. Aliyekuwa na wazazi alipelekwa mbele na wazazi. Wa kwangu nilimpeleka mimi. Nilimshika mkono, mkono ulikuwa na jasho, tukatembea pale katikati, vigelegele vinapigwa, nikamfikisha kwa askofu, nikauachia. Askofu aliniuliza kama namtoa kwa moyo mmoja. Nikasema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi.

Misa yake ya kwanza aliifanya nyumbani. Hapakuwa na uwanja mwingine wa kutosha watu, kwa hiyo ng'ombe walitolewa mapema, zizi likafagiwa, wakaweka turubai na altare pale pale. Chuo kizima kilishuka: kwaya yao, Gombera, masista, walei wenye digrii, na wale watatu wa asaimenti. Harufu ya zizi ilikuwepo, huwezi kuifagia. Ulipofika wakati wa komunyo, alianza na mimi. Akasema, "Mwili wa Kristo," akinitazama, macho yamejaa maji. Nikasema amina.

Nilirudi kukaa nikasubiri. Nilidhani kitu kitakuja, kwa kuwa nilikuwa nimeacha vyote kwa ajili ya saa ile. Ilikuwa kama Jumapili nyingine. Kipande chembamba, kikanata kwenye kaakaa. Nikamtazama shemeji, amekaa na wazee nje ya turubai, anafukuza nzi. Halafu wakaja kunipongeza. "Hongera, Mama Padri! Hongera sana, Mama Padri!" Ndilo jina langu mpaka leo.

Jioni watu walipopungua, ng'ombe wakarudi. Shemeji akasimama, akapiga fimbo chini.

"Baba Padri! Leo wewe ndiye mwenye mji. Kafunge lango."

Watu wakashangilia. Mjukuu wangu akaenda na kanzu yake nyeupe, ameikunja mpaka magotini. Akachukua magogo. Akaanza na la juu. Alipofika chini, gogo nene la chini halikupita, akalisukuma kwa kiatu likaingia nusu, akaliacha. Kamba akaifunga fundo la kufungia mzigo wa pikipiki. Watu wakapiga makofi, simu juu, wanampiga picha.

Niliona, na shemeji aliona. Tulitazamana. Tulikuwa watu wawili tu pale tuliojua kwamba lango lile halijafungwa. Mtoto aliyekulia jikoni kwa mafrateri, nani angemfundisha? Sikumsahihisha.

Asubuhi kabla jua halijapanda gari lilikuja kumchukua, amepangiwa parokia ya mbali upande wa ziwa. Aliniombea, akanibariki, akaondoka. Nikaenda kukamua. Zizi lilikuwa tupu. Magogo yako chini, kamba bado ina fundo.

Kwato zilipanda mlima. Nilifuata. Nilipokaribia chuo nilimsikia mlinzi kabla sijamwona.

"Mama Padri! Ng'ombe zako zimekuja kuchukua digrii!"

"Fungua geti."

"Zimepita pale nyuma kwenye ukuta uliobomoka. Zimemaliza kabichi za Gombera zote, sasa zinangoja chai!"

"Nimesema fungua geti."

Walikuwa wamelala kwenye nyasi mbele ya kanisa, pale pale lilipokuwa lile ghala. Wanacheua. Wanafunzi wamesimama kwenye baraza la maktaba wanacheka kwa adabu. Gombera akatoka, amevaa kandambili, nikajua kabichi alikuwa anazipenda. Lakini alinipokea vizuri.

"Pole, Mama. Nimesikia habari ya zizi. Tutafanya hivi: kila jioni nitakuwa natuma frateri mmoja ashuke akufungie."

"Na wakienda likizo?"

Alifikiri. Ni mtu msomi, mkweli pia. "Likizo wanakwenda kwao," akasema.

"Ndiyo. Wana kwao."

Nikawasukuma ng'ombe wangu kushuka.

Jioni ile nilichukua gogo la chini mimi mwenyewe. Ni zito, limelainika kwa mikono ya wanaume. Nikalipitisha. Nikapandisha mengine, nikatia kamba. Shemeji akatokea kwenye kijito, anakuja na mguu wake.

"Mke wetu, unafanya nini?"

"Nafunga."

"Mwanamke hafungi lango."

"Njoo ulitikise."

Akaja, akalitikisa. Akatikisa tena kwa mikono miwili. Halikucheza. Akatazama barabarani kama kuna mtu anayetuona, kisha akakaa kwenye jiwe lake.

"Yule binti," nikamwambia, "mwambie asinisubiri."

"Alishaolewa. Anakungoja wewe mpaka lini?" Akajikuna goti. "Na ukifa?"

"Nikifa, ng'ombe watatoka."

"Watakwenda wapi?"

Nikamwonyesha juu kwa kidevu. Taa za chuo zilikuwa zinawaka, bweni hadi bweni.

"Njia wanaijua," nikasema.

Halafu akaomba maziwa, nikampa.